Eti sisi MENDE? Na kiatu akavua!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Simtaji, mnamjua wote, yule wa miwani ya jua hata saa tatu usiku.

Leo jukwaani kamaliza ahadi zake (daraja lile lile analoahidi tangu Nuhu hajaanza kuchonga safina), akatugeukia tusiomuunga mkono. Katuita MENDE. Kisha akavua kiatu, akakipiga mezani, pa! pa! pa! "Mende dawa yake hii!" Uwanja mzima kicheko. Jirani yangu alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Mende mwenyewe ni mimi, na bega analoshika ni langu!

Kiatu, wakuu. Soli ina tope.

Msiniambie ni utani wa kampeni. Redio RTLM ilipoanza kusikika Rwanda mwaka 1993 ilipendwa kwa muziki na mizaha. 1994 Watutsi wakawa wanaitwa inyenzi hewani, yaani mende hao hao, na ndani ya siku 100 hivi watu wakauawa kwa malaki. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ikawatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura. Mtu akisema hoja zangu mbovu, nitamjibu. Akiniita mende nijibu nini? Mende hajibiwi, anakanyagwa. Ndiyo maana akavua kiatu!

Jino la Pembe: Punguza jazba mkuu. Kwanza ulifuata nini pale, fulana ya bure?

Mleta uzi: Nilifuata sera. Nikaonyeshwa soli.

Nahodha Mstaafu: Na wagombea wenu walivyotuita kupe mwaka mzima, ulifungua uzi?

Mleta uzi: Sikufungua, na nilikosea. Lile nalo lilikuwa ovu. Lakini huyu kavua KIATU, watu wakapiga makofi!

Mama Mapacha: Afadhali nyie. Wa kwetu katuita magugu, eti tung'olewe kabla ya mvua. Jana wanangu wamerudi shuleni wanalia, wenzao wamewaita magugu na kuwavuta masikio. Wana miaka saba.

Jino la Pembe: Magugu ni nafuu, hayapigwi kiatu 😂

Mama Mapacha: Ungekuwa umewaona yale masikio usingecheka.

Kikombe cha Tatu: Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mende wa kweli anakufa kwa kiatu? Kwangu wamejaa, dawa zote wamezizoea.

Nahodha Mstaafu: Sukari na magadi soda. Weka nyuma ya jiko usiku.

Mleta uzi: Jamani, tunazungumzia watu hapa! Kavua kiatu!

Kikombe cha Tatu: Kiasi gani, mkuu?

Nahodha Mstaafu: Nusu kwa nusu. Na chini ya friji usisahau.