Bajeti ya Juni 2021: gesi ya kupikia imekosa nini?

Mpishi wa Kongowea: Ndugu zangu, mwaka jana korona ilipobisha hodi, Serikali ya Kenya ilipunguza VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14, iweje sasa, wateja wangu wakiwa bado hawajarudi, gesi itozwe asilimia 16 kuanzia tarehe 1 Julai?

Karani Mstaafu: Dada, nafuu ile ilikoma tarehe 1 Januari, na ushuru wa gesi mwaka jana uliahirishwa tu. Bajeti ni ya takriban shilingi trilioni 3.6, na pengo lake linazibwa kwa mikopo, kwa hiyo Hazina inakamua kila inapoweza.

Mwenye Duka: Hesabu hiyo naielewa, mzee wangu, lakini jana mteja aliuliza bei ya mtungi wa kilo 6, akaurudisha mahali pake, kisha akanunua makaa ya kopo moja. Wabunge waliukataa ushuru wa mkate. Sijui kwa nini huruma yao iliishia mezani, isifike jikoni.

Mpishi wa Kongowea: Nami nimerudia jiko la makaa, na ukuta nilioupaka rangi kabla ya Ramadhani umeshaanza kuwa mweusi.