Kama ndege ya mchana haibebi vifaranga kwa sababu ya joto, kwa nini mlipokea maboksi yangu asubuhi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mtanivumilia.

Nafuga kuku wa nyama Buswelu, hapa Mwanza. Vifaranga nawatoa Dar kwa ndege, maana barabara ni zaidi ya kilomita 1,100 na basi likiharibika njiani umekwisha. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu tu. Wiki iliyopita niliagiza 600, maboksi sita ya mia mia, kila boksi lina vyumba vinne vya vifaranga 25. Waliangua Jumatano usiku. Alhamisi saa mbili asubuhi wakala wangu alishawafikisha ofisi ya mizigo. Wakapimwa uzito, kibali cha kusafirisha mifugo kikakaguliwa, pesa nikatuma, risiti ikatoka. Ndege ilikuwa ya saa saba mchana.

Saa sita na nusu napigiwa simu: "Joto limezidi, ndege ya mchana haipakii wanyama. Watakuja kesho asubuhi."

Nieleweke hapa. Zuio lenyewe silipingi hata kidogo. Kuku hana jasho, anajipoza kwa kuhema, na kila akihema anapoteza maji. Vifaranga mia ndani ya boksi wanatoa joto lao wenyewe, ndiyo maana boksi lina matundu ubavuni na halitakiwi kubanwa na jenzake. Hatari kubwa iko ardhini, mzigo ukisubiri kwenye toroli juani. Marekani mashirika mengi yanakataa mnyama joto la uwanjani likizidi nyuzi 29 hivi, na mbwa wa pua fupi kama bulldog na pug yapo yasiyowachukua kabisa, kwa sababu kuhema kwao ni kwa shida. Ni sheria nzuri, inaokoa viumbe.

Sasa niambieni: sheria ya kumkinga kifaranga na joto inatumikaje kumzuia asipande ndege, halafu kifaranga huyohuyo anaachwa kwenye stoo ya bati Dar, mwezi wa pili, mchana kutwa na usiku kucha? Dar ina joto kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi. Hilo halikujulikana saa mbili asubuhi? Wangemwambia wakala pale pale "leo hatupokei", angegeuza gari na kuwarudisha kituo cha kutotoleshea, wakalala penye hewa. Pesa yangu ilipokelewa kwanza, sheria ikakumbukwa baadaye.

Nilipolalamika, kijana wa kwenye simu akanijibu: "Mzee, vifaranga si wanakaa siku tatu bila kula?" Jibu hili limenichoma kuliko hasara. Ni kweli kifaranga anatoka kwenye yai akiwa na mabaki ya kiini tumboni, yanaweza kumshikilia hadi saa 72. Lakini saa hizo zinahesabiwa tangu alipoangua, siyo tangu wewe ulipoamua kumpakia. Na kiini kinamsaidia aliyewekwa kwenye joto linalomfaa. Anayehema usiku kucha atakauka na kiini chake tumboni.

Ijumaa walitua saa mbili asubuhi. Nilikuwepo tangu saa moja. Maboksi yakashushwa, yana lebo ya kijani ya wanyama hai, na moja limelazwa ubavu, mishale ya kuonyesha upande wa juu inaelekea ziwani. Nikakabidhiwa saa tano kasoro, kwa sababu mwenye muhuri hakuwepo. Wakuu, hapa Mwanza hata mbeba mizigo anajua minofu ya sangara haikai juani. Wangu walikuwa wanapumua.

Nyumbani bruda, chumba cha joto cha kulelea vifaranga, ilikuwa tayari, jiko limewaka tangu alfajiri, maji ya glukosi yapo. Nikafungua boksi la kwanza. Ndani hamkuwa na kelele. Mfugaji anajua boksi zima linavyolia ukilifungua. Hili lilikuwa kimya, vifaranga wamelaliana kwenye kona, mabawa yametanuka, midomo wazi. Miguu ilikuwa imenyauka, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyekaa majini siku nzima. Mke wangu na binti yangu wakakaa chini, wakawa wanachovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji, mmoja baada ya mwingine, mpaka saa kumi. Wengine walimeza mara mbili, wakafia mkononi. Binti yangu ana miaka tisa.

Tulihesabu 214 waliokufa siku ile. Kwa shilingi 1,800 kila mmoja ni 385,200. Mpaka Jumapili wakaondoka 37 wengine.

Ofisi ya mizigo inasema vifaranga walikuwa dhaifu tangu wanaangua. Kundi hilohilo, la usiku uleule, lilikwenda Morogoro kwa gari na mwenzangu hajapoteza hata kumi.

Ninachotaka ni hiki: zuio liandikwe ukutani na litamkwe kabla mzigo haujapokelewa, na mkishapokea mkaahirisha, vifaranga warudishwe kwa wakala saa hiyohiyo. Na walipe 251.

Kama na wewe umeletewa vifaranga, sungura au mbwa Mwanza kwa ndege tangu Desemba, na yakakukuta haya, weka hapa tarehe na saa uliyokabidhiwa. Risiti zangu ninazo zote, na Jumatatu naenda nazo.