Tupeane uzoefu: ni mhusika gani wa The Sopranos umewahi kuishi naye mtaani?

Babu wa Gongo la Mboto
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza kuirudia The Sopranos yote, ile tamthilia ya Kimarekani ya Tony, bosi wa mafia, misimu 6, vipindi 86. Zamani niliiona vipande vipande nikadhani ni ya kupigana risasi. Sasa nimeiangalia na akili za mtu mwenye familia, nimekuta risasi chache tu. Kilichojaa ni majungu, wivu na watu kujidanganya wenyewe. Karibu kila mhusika namjua kwa sura, na wengine tunaswali nao safu moja.

Naanza mimi. Bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa Livia mtupu. Yule mama wa Tony hakumwambia Junior, ami yake Tony, amuue mwanawe. Alilalamika tu: nimetupwa kwenye nyumba ya wazee, mwanangu anakwenda kunisema kwa daktari wa akili, makapteni wa genge wanakutana huku huku kwa wazee. Halafu anamalizia kwamba yeye mzee tu, anajua nini. Bibi yangu naye akisema "mimi sina neno", ujue kuna mtu leo analala kwa jirani.

mamaTwins_Segerea
Na ukienda kumuuliza, presha inapanda! Livia siku Tony alipomfuata na mto kule nyumba ya wazee amzibe pumzi, tayari yupo kwenye machela na kiharusi chake.

Mtoto wa Ilala Bungoni
Halafu chini ya ile barakoa ya hewa anatabasamu. Au Tony aliona vibaya? Mimi naamini alitabasamu.

Kaka Mwalimu
Mnamwonea. Yule mama alikuwa na ugonjwa. David Chase mwenyewe alishasema amemchora kutokana na mama yake mzazi. Mtu hawezi kumchora mama yake hivyo kwa chuki tupu.

Mtoto wa Ilala Bungoni
Anaweza, mwalimu. Hujakutana na wifi zangu.

Sinza Kwa Remmy
Mimi nitamtaja Christopher, kijana wa Tony. Watu wanasema alimtoa mchumba wake Adriana, aliyekuwa anawapa FBI siri, auawe kwa sababu ya utii kwa Tony. Utii gani! Rudieni kile kipindi cha msimu wa 5. Yupo kituo cha mafuta anajaza Hummer yake, pembeni anaona baba mmoja mchovu na gari bovu limejaa watoto. Pale pale akajua maisha ya kukimbia na Adriana kwa mgongo wa FBI yatafananaje. Alichagua Hummer. Nina binamu yangu kamwacha mke wa ndoa kwa kitu kidogo kuliko Hummer.

mamaTwins_Segerea
Kitu gani?

Sinza Kwa Remmy
Bajaji. Mbili, lakini.

Kimya Kimya Tandika
Huu uzi umenitonesha kidonda. Sichangiagi humu, leo naandika.

Mmemsahau Davey Scatino wa msimu wa 2, yule mwenye duka la vifaa vya michezo aliyesoma na Tony. Basi yule ni baba yangu. Sisi duka letu lilikuwa la vifaa vya ujenzi, hapa hapa Tandika. Baba alikuwa na rafiki tangu ujana wao, tukimwita Baba Mkubwa ingawa hatuna damu naye. Mwaka baba alipoyumba, yeye ndiye alinilipia ada ya kidato cha tano. Msiba kwetu, yeye anasimamia sanduku la rambirambi. Na alikuwa anakopesha. Hii mnayoiita siku hizi kausha damu, wakati ule ilikuwa inaitwa msaada.

Baba alikuwa mtu wa karata. Ijumaa usiku wanajifungia nyuma ya baa moja, wanatoka Jumamosi jua limewaka. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa mtaji, wa pili wa kulipa wa kwanza. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anajua hesabu isipokuwa mdai.

Msidhani alikuja na mapanga. Alikuja na kijana mpole, amevaa shati la mikono mirefu, akamkalisha kaunta: "Atamsaidia baba yenu mahesabu." Yule kijana akaanza kuchukua mali kauli kwa jina la baba. Saruji, nondo, mabati, rangi. Wauzaji wa jumla walikuwa wanamwamini baba miaka nenda rudi, wanashusha bila kuuliza. Mzigo haukuwa unalala dukani. Usiku ule ule unapakiwa unakwenda kuuzwa chini ya bei. Wenye mali walipokuja kudai, walimkuta baba amekaa kwenye ndoo tupu ya rangi, nje, na kufuli la mlangoni si lake.

Lakini duka siyo lililonimaliza. Baba aliwahi kuninunulia Starlet iliyotumika. Siku moja akaniomba ufunguo bila kuniangalia usoni. Nikampa. Siku chache baadaye nimesimama Temeke kituoni nasubiri daladala, naiona ile Starlet inakuja, anaendesha binti wa Baba Mkubwa, tumesoma darasa moja. Akasimama, akashusha kioo, akasema panda nikusogeze.

Nikapanda. Nifanyeje? Kaseti zangu bado zilikuwa kwenye dashibodi, akaniuliza naupenda wimbo upi.

Sasa juzi naangalia Tony anamkabidhi binti yake Meadow gari la Eric, mtoto wa Davey, nikazima TV. Wanangu wakashangaa.

Babu wa Gongo la Mboto
Dah. Pole sana mkuu.

mamaTwins_Segerea
Nimeacha mboga jikoni inaungua nasoma hii.

Mkurya wa Ukonga
Pole, ila niseme ukweli. Tony alimkatalia Davey kabisa asiingie kwenye ule mchezo wa karata wa wakubwa. Davey akabembeleza. Tony akaenda kulala, kuamka jamaa anadaiwa dola 45,000. Mtu mzima akijipeleka mwenyewe utamlaumu nani?

Kimya Kimya Tandika
Hayo ndiyo maneno yenyewe. Baba alimuuliza mbele yangu, kwa nini uliniacha nikope na ulijua siwezi kulipa? Akajibu, "Mimi nilikukataza, hukusikia."

Dada Hesabu
Mkurya, unaangalia na jicho moja. Davey alimuuliza Tony swali hilo hilo duka likiwa limeshaliwa. Tony akamwambia alijua tangu mwanzo kwamba ana duka. Ameshalihesabu! Yale makatazo yalikuwa ya nafsi yake, apate usingizi. Tony hafanyi ubaya mpaka ajipangie kwanza sababu ya kujiona mwema. Mgahawa wa rafiki yake Artie aliuchoma kwa nia gani? Eti kumsaidia, Junior asije akaua mtu mle ndani ukakosa wateja.

Mkurya wa Ukonga
Na kweli Artie alilipwa na bima.

Dada Hesabu
Subhanallah. Bado unamtetea.

Mkurya wa Ukonga
Simtetei. Nasema Tony ana upendo, upendo wake ndio una riba.

Kaka Mwalimu
Hapo umesema. Lakini na Melfi, yule daktari wa akili wa Tony, msimwache. Misimu yote anasikiliza mambo ya damu anasema ni tiba. Alipobakwa, neno moja tu kwa Tony lingetosha na akakataa kulisema, namheshimu hapo. Ila kumshikilia yule mgonjwa miaka yote mpaka asome utafiti kwamba maongezi yanawanoa wahalifu? Alikuwa anaonja utamu wa hatari akiwa amekaa kwenye kiti salama. Kama sisi tu.

Dogo Kijichi
Ile mwisho kabisa, skrini ikawa nyeusi ghafla, nilitoka nje kuangalia LUKU.

Sinza Kwa Remmy
😂😂 Mimi nilimpigia mwenye nyumba.

Chawa Mstaafu
Paulie, yule mtu wa Tony, hamjamtaja? Anacheka Tony akicheka, ananuna Tony akinuna, halafu anamuua bibi kizee kwa hela za chini ya godoro apeleke bahasha nene. Nimefanya kazi na Paulie kampeni mbili.

Dada Hesabu
Turudi kwa Kimya Kimya. Mkuu, mkopeshaji asiye na leseni ya Benki Kuu leo ana kesi ya kujibu, kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kusanya karatasi.

Kaka Mwalimu
Karatasi gani, dada? Ilikuwa mali kauli ya enzi hizo. Amsamehe apone.

Mkurya wa Ukonga
Asisamehe. Ila asiende mahakamani pia, atapoteza nauli.

mamaTwins_Segerea
Huyo mzee bado yupo hai?

Kimya Kimya Tandika
Yupo. Namwamkia shikamoo, ananiitikia vizuri tu, ananiuliza habari za wanangu kwa majina yao. Sasa hivi ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Kadi ya mchango ninayo hapa, na namba ya kutuma pesa ni yake.

Mtoto wa Ilala Bungoni
Usichange.

mamaTwins_Segerea
Changa, tena changa mapema. Harusi ni ya mdogo wako, siyo yake.

Chawa Mstaafu
Changa ahadi.