Karakana imeniharibia injini ya pikipiki yangu ya zamani, BSA Bantam, imeuza vipuri vyangu kwa watu wa skrepu, na bado inanidai pesa

Wadau, salaam kwenu. Leo nimekuja na hasira na sitaki kuificha. Nilipeleka injini nzima, isiyo na ufa popote, iliyodumu zaidi ya miaka 70. Imerudi kwangu ndani ya gunia la unga: kasha la injini limepasuliwa, kranki (shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) imekwenda upande, na vipuri kadhaa havimo. Juu ya hayo nikapewa bili ya Sh18,500 na kuambiwa niharakishe kulipa.

Karakana iko hapa hapa Malindi. Jina silitaji, maana jambo hili huenda likafika mbele ya sheria na sitaki mtu apate pa kujifichia. Lakini kilichotendeka nitakisema chote.

Chombo chenyewe ni BSA Bantam D1, cc 123, gia tatu. Niliinunua kwa familia moja ya Mambrui, ilikuwa imelazwa ghalani tangu mzee wao aache kuendesha. Kwa wasioijua, Bantam ilianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, na mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, ukachukuliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kama fidia ya vita. Mchoro huo huo ndio uliozaa pikipiki ya Harley-Davidson ya cc 125, ukazaa nyingine kule Urusi, na Yamaha nao walipounda pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, waliifuata RT 125 hiyo hiyo. Nayasema haya kwa sababu mkuu wa ile karakana alinitazama usoni akaniambia hiki ni "chuma kuukuu cha mkoloni". Pikipiki za nchi kadhaa zina damu moja na chuma hicho.

Kazi kubwa niliifanya mwenyewe, nyumbani mtaa wa Barani, chini ya mwembe. Anayeishi pwani anajua chumvi inavyokula chuma. Madigadi zilikuwa zimevaa kutu tupu. Sikuzigusa kwa grinda, kwa sababu grinda haichagui, inaondoa kutu pamoja na chuma kizima, na bati lile ni jembamba. Nilitumia maji, magadi na chaja ya betri. Unajaza pipa la plastiki, unakoroga magadi, kipuri chenye kutu unakifunga kwenye waya hasi, na vipande vya chuma cha kawaida kwenye waya chanya, visigusane. Mapovu yanaanza kupanda, kutu inalegea hadi inatoka kwa brashi. Usithubutu kuweka stenlesi upande wa chanya, kromu iliyomo huyeyuka majini na kuwa sumu. Fanya nje penye upepo, moto na sigara viwe mbali, kwani mapovu yanayotoka kwenye kipuri ni haidrojeni. Chini ya klipu moja ya waya, mahali ambapo jua na chumvi havikufika, nikakuta ile rangi ya kijani hafifu ambayo Bantam za mwanzo zilitoka nayo kiwandani. Kipande hicho sikukitia pipani. Nimekihifadhi ili mpiga rangi apate cha kulinganisha.

Nati zilizokwama nilizilowesha dizeli, nikazipasha moto, nikaziacha zipoe, nikarudia tena na tena. Hakuna hata moja niliyoikata. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Kazi moja tu ndiyo iliyohitaji mashine nisiyokuwa nayo: kutoa beringi za kranki kwa presi na kuingiza mpya pamoja na sili zake, yaani pete za kuzuia hewa isipenye. Karakana hii inajitangaza kuwa ina presi na inazijua pikipiki za zamani. Niliwapelekea injini pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: fungueni kasha, toeni beringi na sili, wekeni hizi mpya, rudisheni kila kitu cha zamani. Nikawapa na pula ya kuvutia magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Nikawapa na seti ya spana za Whitworth zikiwa zimefungwa kwenye turubai.

Spana zile hazikuwa pambo. Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vyake vya nyuzi za bolti mwaka 1841, na viwanda vya Uingereza viliendelea na ukubwa wa nati wa ukoo huo hata zama za Bantam. Spana iliyoandikwa robo Whitworth (robo inchi ni unene wa bolti, si mdomo wa spana) ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3. Sasa chukua spana yako ya milimita: ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia, inacheza, na inakula pembe za nati. Ile ya chini yake, ya 3/16, mdomo wake ni milimita 11.3. Ya 11 haiingii, ya 12 inaila. Hakuna ujanja hapo. Ni ama uwe na spana yake, ama uiharibu nati.

Seti yangu nimerudishiwa ikiwa na fundo langu lile lile nililolifunga kwa mkono wangu. Haikufunguliwa. Nati zote zimekuwa mviringo, na zilizogoma zimepigwa tindo mpaka zikapasuka.

Magneto nayo imetolewa kwa nyundo, pula ikiwa pale pale mezani kwao. Hapa naomba mafundi vijana wanisikilize. Kranki ya Bantam si kipande kimoja cha chuma. Ni magurudumu mawili yaliyobanwa kwa presi kwenye pini moja, kila gurudumu na shafti yake. Ukiigonga ncha ya shafti, gurudumu linateleza kidogo kwenye pini, na shafti mbili hazikai tena kwenye mstari mmoja. Kwa macho huoni kitu. Jamaa yangu anayekereza chuma alinisaidia kuipima kwa geji ya mshale. Kinachovumilika ni sehemu chache za mia za milimita. Mshale ulizunguka ukapita huko mbali sana. Ukiiwasha injini ya namna hiyo, inatetemeka na kuzila beringi mpya zote.

Hata hivyo kranki bado inatengenezeka, kwa mtu mwenye subira na presi. Kilichonikata maini ni kasha.

Bolti nyingi za injini ile ni za robo inchi, milimita 6.35, zenye nyuzi 26 kwa kila inchi. Bolti ya M6, yaani ya milimita 6, hii iliyojaa kwenye kila duka la vipuri vya bodaboda, ina nyuzi 25.4 kwa inchi. Kwa hiyo ukiitia inaingia. Inazunguka vizuri kabisa na kumdanganya mtu kwamba ndiyo yenyewe. Lakini ni nyembamba, inashika ncha za nyuzi tu, na ukiikaza inazing'oa zote. Wao walizikaza. Zikang'oka. Mtu mwenye haya angesimama hapo na kunipigia simu. Namba yangu ilikuwa juu ya karatasi. Badala yake wakachukua drili, wakayapanua matundu wakayatengenezea nyuzi za M8, na kwenye tundu la chini, pale ukuta wa kasha ulipo mwembamba, aluminiamu ikapasuka mpaka nje.

Wakaufunika ufa kwa silikoni.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linanichoma kiasi hiki. Kwenye injini ya mipigo miwili kasha la kranki linafanya kazi ya pampu. Pistoni ikipanda, hewa na petroli huvutwa humo. Ikishuka, mchanganyiko unagandamizwa humo humo kabla ya kupanda juu kuwaka. Hewa ikipenya kwenye ufa, mchanganyiko unapungukiwa petroli, joto linapanda, na pistoni inaungua. Ndiyo maana sili za kranki ni roho ya injini hii. Na katika sili mpya nilizowapa, moja nimeikuta bado imo kwenye karatasi yake. Hawakuiweka. Nilipouliza nikaambiwa "silikoni inatosha". Silikoni ndiyo wanayoijua, na wameipaka mpaka imevimba na kuingia ndani ya kasha, tayari kumeguka na kwenda kuziba njia siku injini itakapowaka.

Na msiniambie hapa kwetu hakuna watu wanaoijua mipigo miwili. Nendeni pwani wanakoshukia wavuvi. Wale mafundi wa mashine za boti wameichanganya petroli na oili tangu wakiwa watoto, wanajua sili ikichoka mashine inafanyaje, na wanafanya kazi juu ya mchanga bila hata meza. Mmoja wao aliliangalia kasha langu akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani amefanya hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa lisilo la aibu kwa mji wetu.

Kuna la karatasi pia, na hili wengi hawalifikirii. Namba ya injini imegongwa kwenye kasha hilo, na ndiyo iliyoandikwa kwenye logibuku. Kasha likishindikana, hata nikipata lingine Uingereza, ambako vipuri vya Bantam bado vinauzwa na vingine vinatengenezwa upya, nitakuwa na injini yenye namba isiyolingana na kitabu. Hapo nianze kuzunguka ofisi kwa ofisi kueleza kwamba sikuiba. Drili ya dakika tano imenitia kwenye hayo yote.

Sasa vipuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari nilikuwa nalo. Kila kilichoingia karakana ile kilipigwa picha na kuandikwa, na yule aliyepokea alitia sahihi. Havipo: kifuniko cha magneto cha Wipac (ndio walioitengeneza magneto hiyo), mkono wa kiki, beringi za zamani, na bolti zote za asili. Maelezo yao ni kwamba mtoto wa kazi aliviona kama takataka akavitia pamoja na vyuma vingine, na mnunuzi wa skrepu akapita akavipima kwa kilo. Kwa kilo! Kifuniko ambacho kimevuka bahari, kikapona vumbi, chumvi na ghala la Mambrui, kimekwenda kwa bei ya kopo la rangi lililoisha.

Tuna sheria ya vyuma chakavu tangu mwaka 2015, inataka mnunuzi awe na leseni. Mwaka 2022 biashara yote ya skrepu ilisimamishwa nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu watu walikuwa wanang'oa miundombinu ya umeme na kuiuza. Lakini kwa mali ya mteja iliyoachwa karakanani, nani anauliza? Nimeuliza jina la aliyenunua, nikaambiwa "hupita tu na mkokoteni".

Nilipodai nilipwe kasha, mkuu wao akasema, "Kaka, wewe ushukuru imefunguka. Hizi si pikipiki za watu, nunua bodaboda mpya upumzike." Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama pale wakisikia. Nikamwambia sikumletea pikipiki anishauri ya kununua, nilimletea kazi iliyoandikwa, aliyosema anaiweza, na akachukua malipo ya awali. Akanigeuzia mgongo.

Najua watakuja wa kusema niwaonee huruma, ni jua kali, wanatafuta riziki. Na mimi natafuta riziki. Fundi anayeniambia "hii siiwezi" namheshimu na nitampelekea kazi nyingine kesho. Anayeshika nyundo kwa sababu anaona uvivu kufungua turubai ananila mimi na kuwaharibia jina wenzake wanaofanya kazi safi.

Ninachodai kiko wazi na nimekiandika kwenye barua niliyowapelekea: warudishe malipo ya awali, walipie kasha au gharama za kulitengeneza, na wamtafute huyo mwenye mkokoteni mpaka kifuniko cha Wipac na mkono wa kiki vipatikane. Sh18,500 zao sitoi hata senti. Wakikaa kimya, hatua inayofuata ni mahakama ya madai madogo, na karatasi yenye sahihi, picha na kasha lenyewe nitavibeba.

Wakati huo huo sitaki injini ife. Mwenye kumjua mtu anayechomelea aluminiamu ya kusubu kwa gesi ya agoni, kati ya Malindi na Mombasa, anayeweza kujaza matundu ya M8 na kuyatoboa upya kwa nyuzi 26, naomba aniandikie, na aniambie kazi gani ya mtu huyo ameiona kwa macho yake. Natafuta pia kifuniko cha magneto cha Wipac cha D1 na mkono wa kiki. Kama kuna Bantam imelala ghalani kwenu, Lamu, Kilifi, Mombasa au hata ng'ambo Unguja, semeni bei. Na aliyewahi kufanyiwa mambo kama haya na karakana ya hapa Malindi anifuate faraghani, na ikiwa ni hiyo hiyo, tuunganishe madai yetu.