Sensa ya mchapuko juu ya mnara wa tenki: nipimeje ofseti inayohama kwa joto?

Muuliza swali, Tabora

Ndugu zangu, habari za kazi. Nimefunga sensa ya MPU-6050 juu ya mnara wa chuma wa tenki la maji katika shule moja hapa Tabora, wenye kimo cha mita 9, ili tujue mapema iwapo mnara utaanza kulala upande. Saa kumi na mbili asubuhi, sensa ikiwa na nyuzijoto 19, mhimili wa X husoma mili-g 6.1 (mili-g ni sehemu moja ya elfu ya g, yaani mvutano wa dunia), na saa nane mchana, ikiwa imefika nyuzi 46, husoma 20.0. Tofauti hiyo ni sawa na mwinamo wa digrii 0.8, yaani kilele kiwe kimesogea zaidi ya sentimita 12, nami nimeshusha timazi mara mbili nisione kitu cha namna hiyo. Jioni namba hurudi. Nadhani ni ofseti, yaani namba ambayo sensa huisoma hata pasipo na cha kupima, lakini watoto huchota maji chini ya mnara ule, kwa hiyo sitaki kuifuta tofauti hii kwa kukisia. Nipimeje kuhama kwa ofseti peke yake?

Fundi_Ipuli

Ndugu, kiasi hicho hakishangazi, kwa sababu karatasi ya mtengenezaji inataja badiliko la mili-g 35, kujumlisha au kutoa, kwa mihimili ya X na Y kati ya nyuzi 0 na 70, na 60 kwa mhimili wa Z. Ndani ya sensa kuna kipande kidogo sana cha silikoni kilichoshikiliwa na springi, na kusogea kwake hupimwa kwa kapasita. Silikoni, plastiki iliyoifunika, lehemu na bodi hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo joto likipanda vitu hivi huvutana, na kipande kile huhama hata kama hakuna mchapuko wowote. Ndiyo maana sensa mbili zilizonunuliwa pamoja hazilingani, na namba za sensa yangu hazitakufaa wewe.

Weka bodi juu ya kigae, soma X, kisha igeuze nusu duara palepale na usome tena. Mwinamo wa meza hubadili alama ukigeuza, lakini ofseti haibadili. Jumlisha masomo mawili, gawanya kwa 2, nawe utabaki na ofseti. Rudia kwa joto tofauti, kwa mfano ndani ya kasha lenye balbu, na usisome hadi kipimajoto cha ndani ya sensa kitulie (gawanya namba yake kwa 340, ongeza 36.53, upate nyuzi). Watu wengi hukosea hapa: hupima joto la hewa ya kasha wakati sensa yenyewe bado iko nyuma. Usisimamishe mhimili na kusoma upande mmoja tu, maana pale unabeba g nzima, na badiliko la unyeti (ukubwa wa namba ambayo sensa hutoa kwa kila g), ambalo ni karibu asilimia 0.02 kwa kila nyuzi, litajificha ndani ya ofseti yako.

Mwalimu wa fizikia, Ujiji

Nakubaliana na Fundi, ila naomba tusisahau mnara wenyewe. Nguzo za upande wa jua hurefuka kuliko zile za kivulini, kwa hiyo mnara wa chuma huinama kidogo kweli kila mchana, na ukiondoa tofauti yote utakuwa umeufuta pia mwendo wa kweli. Geuza kasha la sensa nusu duara hukohuko juu, asubuhi na tena mchana, kwenye bamba lilelile. Nusu ya jumla ni ofseti. Nusu ya tofauti ni mwinamo.

Muuliza swali, Tabora

Nashukuru sana, Mwalimu na Fundi. Nimepanda leo mara mbili. Asubuhi nimepata 6.1, na baada ya kugeuza −2.3, kwa hiyo ofseti ni 1.9 na mwinamo ni 4.2. Mchana nimepata 20.0 na 10.6, yaani ofseti 15.3 na mwinamo 4.7. Ofseti imehama mili-g 13.4 kwa nyuzi 27, takriban 0.5 kwa kila nyuzi, na mnara umeinama kweli kwa nusu mili-g, ambayo kileleni ni kama milimita 4 au 5.

Fundi_Ipuli

Vizuri sana, lakini nukta mbili hazitoshi kuchora mstari wa kuaminika. Pima pia saa nne, saa kumi na saa moja jioni, kwa sababu ofseti wakati wa kupoa huenda isifuate njia ileile iliyopita wakati wa kupanda, na upana wa pengo hilo ndio utakaokuambia ni mwinamo mdogo kiasi gani unaoweza kuuamini. Usikaze skrubu za bodi upya katikati ya vipimo, maana msukumo wake pia huihamisha ofseti.