Hema na boti Ziwa Naivasha likizo ya Agosti: sisi watu wa pwani tujitayarishe vipi?

MamaSwafiya, Malindi

Assalamu alaikum wapendwa. Shule zikifungwa Agosti tunataka kwenda Naivasha, inshallah: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 4. Tutalala kwenye hema kando ya ziwa, na siku moja tuchukue boti hadi Crescent Island, watoto wakatembee kwa miguu karibu na twiga na punda milia. Tumechagua mwezi huo kwa sababu huku kwetu Kusi imeshika, bahari imechafuka, na mume wangu hatoki sana kwenda kuvua.

Sasa hapo ndipo penye mjadala nyumbani. Mume wangu amekulia botini. Anasema ziwa halina mkondo, halina mwamba, halina mawimbi ya Kusi, basi tukodi boti aendeshe mwenyewe na pesa ya nahodha tuile samaki. Mama yake alimjibu "mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea." Akanyamaza, lakini hakukubali. Mimi moyo wangu unasita, ila ziwa lenyewe silijui, na siwezi kubishana naye bila hoja.

Mama mkwe naye ana maswali yake. Hajawahi kupanda bara kupita Voi. Anauliza baridi ya huko ikoje, na atapika vipi, maana chakula cha hoteli siku zote hakitaki. Waliokwenda na familia nzima, si vijana peke yao, nisaidieni.

NahodhaMstaafu, Shela, Lamu

Wa alaikum salaam mwanangu. Mimi nimezaliwa Shela, nimepakia abiria baina ya Lamu na Manda, kisha maisha yakanipeleka Naivasha nikaendesha boti za wageni kwa miaka kadhaa. Mpe mumeo simu asome haya mwenyewe, nitasema naye baharia kwa baharia.

Bwana, hilo la mwamba ndilo nianze nalo. Kwetu mwamba uliofichwa na maji yakijaa, utauona yakipwa. Ukishauona bamvua moja unaukumbuka maisha yako yote. Naivasha hakuna kujaa wala kupwa. Ziwa limepanda sana miaka hii na kuimeza migunga iliyokuwa ufuoni. Utaiona imesimama majini, imekauka, myeupe, mnandi wamejaa juu yake. Hiyo inayoonekana haina tabu. Tabu ni ile iliyokatika ikabaki kisiki chini ya uso wa maji, na nguzo za nyua za mashamba yaliyozama. Kisiki hicho hakitaonekana asubuhi wala jioni, leo wala kesho. Wanaojua kilipo ni wale waliokuwa wakipita hapo pakiwa pakavu.

Upepo nao una desturi yake. Asubuhi shwari, utasema hata mtoto angeshika usukani. Baada ya adhuhuri unaamka, na kwa kuwa ziwa sehemu kubwa ni la kina kifupi, mawimbi yake ni mafupi na yamesongamana. Si lile wimbi letu refu linalokupandisha na kukushusha taratibu. Hili linapiga omo, yaani mbele ya boti, mfululizo, na boti ndogo iliyojaa watu inaanza kuingiza maji. Halafu maji ya ziwa ni matamu, mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu asilimia 2.5. Boti ile ile na watu wale wale, itakaa chini kidogo zaidi kuliko baharini. Kitu kidogo, lakini ukichanganya na mtu mmoja wa ziada na upepo wa alasiri, si kidogo tena. Na mtoto aliyezoea kuelea Malindi ataona maji hayambebi vile.

Kisha kuna viboko, na hapa ndugu yangu sina mchezo. Mchana wanalala kwenye maji mafupi karibu na mafunjo. Dume moja linaweza kupita kilo 1,500. Anaweza kuzama kiasi cha dakika tano usimwone, halafu akatokea pale ulipokuwa unapita. Mashine ya boti haimtishi. Ukijiweka baina yake na maji ya kina, au baina ya jike na mtoto wake, umemfungia njia na atapita juu yako. Manahodha wa pale asubuhi wanaulizana kabla ya kutoka: wako wapi leo, wangapi, yule mwenye mtoto amehamia wapi. Hayo mumeo hawezi kuyajua kwa kuwa hodari. Ni habari ya siku ile, na pesa ya nahodha ndiyo bei yake.

Sijataja magugu maji. Yanatembea na upepo, makubwa kama viwanja, na gati uliyoondoka saa mbili asubuhi unaweza kuikuta imefungwa saa nane. Yakijizonga kwenye propela mashine inazima, na boti isiyo na mashine inakwenda upepo unakotaka.

Kwa hiyo toka mapema, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, na kabla ya adhuhuri muwe mmerudi. Kabla ya kukubaliana bei, omba kuona jaketi za kuokoa maisha, na muulize habari ya mtoto wa miaka 4 hasa. Boti nyingi zina za wakubwa tu. Mvishe, funga mikanda yote, kisha mshike jaketi mabegani umnyanyue. Likipanda likamfunika masikio, huyo akianguka majini atachomoka chini na jaketi litabaki likielea peke yake. Litafutwe dogo lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Ikiwa hakuna, tafuta boti nyingine, wala usione haya.

Na kuogelea, hapana. Hata ufuoni, hata kidogo. Waambie watoto mkiwa bado Malindi, ili wasije wakalia mbele ya maji.

Nisikuogopeshe lakini. Asubuhi ile ni tamu sana. Mwombe nahodha awatafutie furukombe. Ananunua samaki mdogo kwa wavuvi, anapiga mluzi, kule juu ya mgunga uliokauka ndege anainua kichwa cheupe. Samaki anatupwa. Furukombe anashuka moja kwa moja, hapigi mbawa, dakika ya mwisho anatanguliza makucha, na maji hayatikisiki ila mstari mmoja mwembamba. Watoto wako wa baharini watakisimulia kitu hicho mpaka wachoke wenyewe.

Mwalimu_Zai

MamaSwafiya, mimi ni wa Malindi pia, nimesomesha Naivasha. Habari za boti hapo juu zisikusahaulishe jambo linaloua watu kimyakimya kambini: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Usiku ule wa kwanza baridi ikimshika mama, mtu atasema tuliingize jiko kidogo, makaa yamebaki mekundu tu, moshi hakuna. Mkaa unaotoa moshi na usiotoa moshi wote unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, na hema ni dogo limefungwa zipu. Watu wanalala hawaamki. Jiko libaki nje, limwagiwe maji kabla ya kulala, na mama ajue sababu, asidhani ni ukali wa mkwe.

Baridi yenyewe: ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya bahari. Agosti usiku inaweza kushuka nyuzi 10 au chini yake, mchana ukatembea na fulana. Sisi tukisikia baridi tunafikiria blanketi la juu. Kule baridi inatoka chini. Chukueni jamvi la ukili, lile zito, mlitandike juu ya sakafu ya hema, ndipo godoro. Nimeona wageni wenye blanketi tatu za juu wakitetemeka usiku kucha kwa sababu chini yao kulikuwa na karatasi ya hema tu. Soksi, kofia za sufu kwa watoto, na nguo za kulalia ziwe kavu, zisizovaliwa mchana. Mafuta ya nazi ya nywele mtayakuta yameganda chupani asubuhi, myaweke kwenye jua.

Kupika sasa. Kwa mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Yatatokota mbele ya macho yake lakini hayana moto ule wa kwetu. Wali atakaopika kwa vipimo vya Malindi utabaki na kiini. Aongeze maji kidogo, afunike vizuri na auache zaidi. Maharage na mbaazi ndiyo mateso; achemshe nyumbani kabisa, au abebe sufuria ya presha. Unga wa mahamri hauumuki upesi kwa ile baridi: akiukanda usiku auweke ndani ya hema, umefungwa kwa nguo, na asitarajie kuuchoma alfajiri. Nazi bebeni kutoka nyumbani. Mkienda kwa treni kutoka Mombasa mtungi wa gesi hauruhusiwi, basi kodini jiko kambini.

Chakula kisilale nje wala ndani ya hema. Tumbili wa pale wanafungua mifuko kwa vidole vyao vizuri kabisa, na harufu ya chakula ndani ya hema inaita wanyama usiku. Wekeni garini au mpeni mwenye kambi awahifadhie.

Kibla ni kaskazini kama huku kwetu, ila mwelekee mashariki kidogo. Maji ya udhu wa alfajiri yapasheni moto kwa ajili ya mama.

Kijana_wa_Majengo

Nyongeza fupi. Msipange kufika na kusimamisha hema usiku. Treni ya asubuhi kutoka Miritini, Mombasa, inafika Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, mchana, kisha kuna kama kilomita 90 kutoka Nairobi hadi mjini Naivasha, halafu matatu ya barabara ya Moi South Lake. Kwa kuwa mna watoto, laleni Nairobi.

Mkienda Hell's Gate, baiskeli zinakodiwa langoni na huyo wa miaka 13 atafurahi sana, maana ni mbuga ambayo unaruhusiwa kupita kwa miguu na baiskeli katikati ya wanyama. Lakini kwenye korongo lenyewe msishuke kukiwa na wingu zito, hata kama mvua iko mbali na pale mlipo kuna jua. Septemba 2019 watu saba walikufa humo, walisombwa na mafuriko ya ghafla. Msikilizeni askari wa mbuga.

MamaSwafiya, Malindi

Allah awalipe kheri nyote. Mume wangu amesoma yote, ameyarudia ya Nahodha. La kisiki ndilo lililomwingia, alikaa kimya kisha akasema "kweli, maji yasiyopwa hayakufundishi kitu." Tutakodi boti na nahodha wake. Mama mkwe ameshatoa jamvi lake kabatini analipiga jua.

Nimebaki na mawili. Mama ana magoti mabovu, je, aende kisiwani au abaki? Na hao viboko wanaolala mchana, usiku wakitoka na hema letu liko ufuoni itakuwaje? Wa miaka 4 huamka kwenda chooni.

NahodhaMstaafu, Shela, Lamu

Mama aende, asiachwe kambini peke yake siku nzima. Kisiwa chenyewe hakina simba wala chui, na si lazima azunguke kote. Twiga na swala anaweza kuwaona akiwa karibu na pa kuteremkia. Kazi ni kupanda na kushuka botini. Mwambieni nahodha tangu jana yake, aje mahali penye gati ya mbao, si pa kukanyaga matope. Mumeo atangulie kushuka, ampokee kwa mbele, na mtu mwingine ashike boti. Akae katikati, uso mbele, si pembeni wala tezini kwenye moshi wa mashine. Wa miaka 4 akae baina yake na wewe, si mapajani mwa mtu.

Usiku viboko hutoka kula majani, wanakula mpaka kilo 40 hivi, na hupita njia zile zile. Chagueni kambi yenye uzio wa umeme upande wa ziwa, na muulize mkifika: unawashwa saa ngapi, na unafanya kazi leo? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, hamisheni hema. Lisimamisheni ndani ya uzio, karibu na choo na mbali na maji, hata kama mandhari ya ufuoni yanakuvuta. Mkisikia mlio wa kukoroma mkubwa msitoke kumtafuta kwa tochi. Mtoto awe na kopo lake ndani ya hema mpaka kuche.

Na shali za mama ziwe mbili botini. Asubuhi ile ina rasharasha, ya kwanza italowa.