Hoteli za bangili: zinatulisha au zinatufungia nje?

Mchuuzi wa Bamburi:
Watu wa Mombasa, huu mwaka wa kumi na tatu nauza vikoi na vinyago ufuoni. Hizi hoteli za kulipia kila kitu mara moja, zibanwe au ziachwe? Mgeni yuko kwao Ujerumani, keshalipa ndege, chumba, chakula, hadi soda. Akifika anavishwa bangili ya plastiki, basi, hatoki tena. Tuktuk hapandi, Fort Jesus haioni, mimi ananipungia mkono kutoka upande wa pili wa kamba ya hoteli. Jana kutwa nimeuza kikoi kimoja. Naona zitozwe ada zaidi.

Mpishi Shanzu:
Pole kaka, lakini bangili hiyo ndiyo inayonilipia karo. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, hoteli nyingine hufunga, na vibarua ndio wa kwanza kurudi nyumbani. Wanaotushikilia siku hizi ni wageni wa Nairobi wanaoshuka na treni ya SGR tangu 2017, na baba mwenye watoto watatu anataka kujua bei yote kabla hajapanda treni. Halafu ushuru wa utalii upo tayari, asilimia 2 ya mauzo. Ongezeni mwingine muone kama atapunguzwa mwenye hoteli au mimi.

Mkongwe wa Likoni:
Mpishi, umesahau Mei 2014? Uingereza ilitoa onyo la usalama kwa wasafiri wake, kampuni za safari zikawabeba wageni wao zikaondoka nao kabla likizo haijaisha. Anayekuletea wageni kwa ndege nzima huwaondoa kwa ndege nzima.

Mama Karanga:
Wanangu, nyinyi mnagombania bangili, mimi naangalia geti la nyuma. Mgeni hata asipotoka si anakula? Hebu tuulizane anakula cha nani. Niliwahi kupelekea hoteli moja samaki, changu na kolekole. Wakataka gari la barafu, risiti za kodi, na malipo baada ya miezi mitatu. Mvuvi wa ngalawa anataka pesa yake leo, papo hapo, mchanga haujamkauka miguuni. Nimwambie nini? Nikaacha, narudi kwenye karai langu.

Pesa ya mgeni inavuja mara mbili. Kule kwa wakala na ndege hatufiki, tusidanganyane. Lakini samaki, mchicha wa soko la Kongowea, hata vitambaa vya meza, hapo tunafika. Ada mnayoitaka itaishia ofisini. Mimi nilipwe ndani ya wiki mbili tu, nitanunua pipa la barafu mwenyewe.

Mchuuzi wa Bamburi:
Mama, umenigeuza nusu. Ada naiweka kando, niko nawe kwenye malipo. Ila kamba siachi. Katiba yetu, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kesho maji yakijaa nakwenda kusimama pale ilipofungwa, nione kama nitalowa.